Laini Yako Hainakiliwi kwa Kupigiwa Simu

Kila mahindi yanapouzwa na pesa kuingia kwenye simu, kutoka Mabanga hadi Kitale swali ni lilelile: nikipokea simu ya namba nisiyoijua, si watainakili laini yangu na kufagia M-Pesa yote? Hapana. Jibu lilikuwa hapana M-Pesa ilipoanza Machi 2007, na ni hapana leo, hata ule ujumbe wa WhatsApp unaokataza watu kupokea simu za +375 na kubonyeza #90 ukisambazwa mara elfu nyingine. Hofu ya anayeuliza ni ya haki, maana pesa kweli zinaibwa. Lakini imewekwa ilinde dirisha lisilopitika, huku mlango ukiwa wazi.

Ndani ya laini mna ufunguo wa siri uliowekwa inapotengenezwa, na nakala yake iko kwenye mitambo ya kampuni ya simu. Ufunguo huo hausafiri hewani. Simu inapotafuta mtandao, kampuni huitumia fumbo, laini hulifumbua yenyewe, kisha jibu pekee ndilo hurudi. Anayekupigia hana njia ya kuufikia, hata mkiongea mpaka chaji iishe. Mwaka 1998 watafiti wa Berkeley, Marekani, walifaulu kunakili laini, na wauza hofu hupenda kulitaja hilo. Hawasemi kwamba watafiti walikuwa na laini yenyewe mkononi, wakaihoji zaidi ya mara laki moja kwa saa kadhaa, na kwamba ilitumia fomula dhaifu. Onyo la #90 nalo lilitokana na simu za maofisi ya Marekani, ambako mtu alibonyeza 9 kwanza ili apige nje kupitia mtambo wa ofisi; simu ya mkononi haina mtambo huo. Kwa hiyo anayezima simu, kuchomoa laini na kuipangusa baada ya kupigiwa hajajikinga na lolote, na ushauri huo nimechoka kuusikia ukitolewa na watu waliosoma.

Nitajibiwa kwamba kuna waliobonyeza namba fulani wakaumia. Wapo. Ukiambiwa ubonyeze *21* kisha namba ya mtu, simu zako zitaelekezwa kwake, naye anaweza kupata kwa sauti namba ya kufungulia WhatsApp yako. Hapo umeumizwa na maagizo uliyoyafuata, si kwa kupokea simu, na ##002# huondoa uelekezaji huo. Pingamizi zito zaidi ni la jirani anayeapa kwamba hakumpa mtu PIN na bado akaunti ilifagiwa. Namwamini. Muulize kama mtandao ulipotea kwanza kwenye simu yake. Mara nyingi atasema ndiyo, kwa kuwa laini yake ilikuwa imesajiliwa upya kwenye kadi nyingine, na tapeli akawa ndiye mwenye namba machoni pa kampuni na benki.

Alichohitaji ni majina kamili, namba ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa, na mara nyingine wakala asiye mwaminifu. Mulot, kule mpakani mwa Bomet na Narok, imejulikana nchi nzima kwa kazi hii. Na sisi tunavitoa vitu hivyo bure: kwenye daftari la wakala ambalo kila mteja anasoma mistari ya juu yake, kwenye kitabu cha wageni getini, kwenye orodha ya chama, kwenye kopi ya kitambulisho iliyoharibika na kuachwa saiba. PIN ikiwa ni mwaka wa kuzaliwa, kazi imekwisha. Isipokuwa hivyo, atadai ameisahau na kujibu maswali ya utambulisho kwa maelezo yako mwenyewe. Kisha huja Fuliza na M-Shwari, mikopo utakayodaiwa wewe. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka anayekusanya taarifa achukue zile tu anazohitaji, kwa hiyo una haki ya kumuuliza askari wa getini namba yako ni ya nini. Kujifanya mtu mwingine nako ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018, kifungo hadi miaka mitatu, ingawa kifungo hakirudishi pesa za mbolea.

Basi fanya haya leo. Kama uko Safaricom, piga *100*100# ili laini yako isibadilishwe ila dukani kwao ukiwepo mwenyewe. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na uikatae usiyoijua. Badilisha PIN ya mwaka wa kuzaliwa. Kopi ya kitambulisho iandike juu yake ni ya shughuli gani na tarehe gani. Iliyoharibika ondoka nayo. Safaricom hukupigia kwa 0722 000 000 tu. Ujumbe wa tapeli utume 333. Kadi ya benki isitoke machoni pako, na zile tarakimu tatu za nyuma usimsomee mtu. Mtandao ukipotea ghafla huku simu za jirani zikishika, usingoje asubuhi: azima simu, piga 100, kisha benki yako. Na mara moja kwa mwaka omba ripoti yako ya mikopo kwa Metropol, TransUnion au Creditinfo, ambayo ni bure, uone kama kuna deni usilolijua.