Safari Rally: Ni Gari au ni Dereva?

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, Safari Rally ikikaribia hapakosi ubishi bwenini. Wengi hushikilia kuwa gari ndilo hushinda: mpe mtu yeyote gari la kampuni kubwa, akanyage mafuta, basi. Mimi ni shabiki sugu wa mbio hizi na nakataa katakata. Hebu niwaeleze.

Mbio zilianza mwaka wa 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, magari yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi zilifanywa wakati wa Pasaka, mvua ikinyesha, na barabara hazikufungwa. Dereva angeweza kukutana na lori, mbuzi au hata twiga. Ndiyo maana magari yalifungwa vyuma mbele, na baadaye bomba la kuvuta hewa likapandishwa hadi paani ili injini isinywe maji mtoni. Mwaka wa 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Saba tu, jamani! Mwaka wa 1968 yakaondoka 93, yakamaliza 7 vilevile.

Sasa niambieni, katika njia ya namna hiyo, kasi peke yake itakufikisha wapi? Joginder Singh, Mkenya aliyekuwa fundi wa magari, alishinda mwaka wa 1965 kwa Volvo iliyokuwa imetumika tayari. Mwaka wa 1974 akashinda tena kwa Mitsubishi Lancer, kigari cha kawaida tu ukikitazama, akamwacha Björn Waldegård na Porsche yake katika nafasi ya pili. Singh alijua gari linapolia linasema nini. Shekhar Mehta naye alishinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo, 1979 hadi 1982.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa 1993. Subaru walileta Vivio, kigari chenye injini ya sisi 660, ndogo kuliko za pikipiki nyingi kubwa. Colin McRae wa Scotland alipewa moja, akaikimbiza kweli kweli, watu wakashangaa, lakini hakumaliza. Patrick Njiru wetu alipewa nyingine kama hiyo. Akaenda nayo kwa adabu, akamaliza wa 12 na kushinda daraja lake. Gari ni lile lile! McRae hakuwa mjinga, maana alirudi akashinda 1997, 1999 na 2002.

Msimsahau yule wa kiti cha pembeni. Siku hizi, kabla ya mbio, wawili hao hupita njia polepole wakiandika kila kona daftarini. Kisha wakati wa mbio yeye husoma: "Kushoto tatu, inabana, mita mia, kulia tano." Kwa wengi, nambari ndogo ni kona kali. Akikosea mstari mmoja, mko mtaroni.

Wapinzani wangu wana hoja moja nzito, nayo siikwepi. Tangu Ian Duncan ashinde mwaka wa 1994, hakuna Mkenya aliyeshinda Safari ikiwa katika mashindano ya dunia. Mbio ziliondolewa humo baada ya 2002, zikarudi 2021 zikiwa na makao Naivasha, barabara zikifungwa na mwendo wa kasi ukiwa kilomita mia tatu na ushei badala ya maelfu. Magari ya daraja la juu ni ghali mno, na Wakenya wengi hushindania madaraja ya chini. Hapo pesa inasema, nakubali.

Hata hivyo mwaka huo wa 2021, Thierry Neuville wa Ubelgiji aliongoza hadi Jumapili asubuhi. Huko Loldia gari lake likavunjika upande wa nyuma. Sébastien Ogier wa Ufaransa, aliyekuwa amepoteza kama dakika mbili siku ya Ijumaa, ndiye aliyeshinda.

Ukibahatika kwenda Naivasha, waache wenzako wakimbilie pale magari yanaporuka. Wewe tafuta penye mawe, usimame nyuma ya utepe, utazame ni nani anayepunguza mwendo.