Zabuni ya Serikali: Piga Hesabu Kabla ya Kutia Sahihi

Siku moja fundi seremala wa hapa Katumba alinijia na karatasi mkononi. Alikuwa anacheka. "Mwalimu," alisema, "kikundi chetu kimepata tenda ya madawati. Sasa shida zimekwisha!"

Baada ya miezi michache alikuja tena. Safari hii hakucheka. Madawati yalipokelewa yote. Hela zililipwa zote. Lakini kikundi kilibaki na deni.

Je, waliibiwa? Hapana. Walishinda zabuni kwa bei mbaya. Basi leo tujifunze jambo hili, ili tusije tukashinda halafu tukalia.

Zabuni ni nini?

Serikali hununua vitu vingi. Shule inataka madawati. Zahanati inataka mtu wa kufanya usafi. Ofisi inataka chakula cha mkutano. Inapotaka kununua, hutangaza, na wauzaji huandika bei zao. Kuandika bei hiyo ndiko kuomba zabuni. Watu wengi husema tenda. Ni kitu kimoja.

Je, mtu mdogo anaweza?

Wako wanaosema zabuni ni za matajiri wa mjini. Si kweli. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inazitaka taasisi za serikali zitenge asilimia 30 ya manunuzi ya mwaka kwa vikundi maalumu. Vikundi hivyo ni vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Yaani katika kila shilingi 100 za manunuzi, shilingi 30 zimewekwa kwa ajili yao.

Nafasi hii ni ya raia wa Tanzania. Hapa Katumba neno hilo lina uzito. Makazi yetu yalianzishwa kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972. Mwaka 2014 serikali ilianza kutoa vyeti vya uraia kwa maelfu ya watu wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Aliyepewa cheti kile ni raia. Asisimame nje ya mlango akidhani nafasi hii ni ya wengine.

Mlango uko wapi?

Kwanza, andikisheni kikundi. Mwoneni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Yeye atawaonyesha njia ya kufika Halmashauri ya Nsimbo.

Pili, pateni namba ya mlipa kodi, yaani TIN, leseni ya biashara, na akaunti ya benki kwa jina la kikundi.

Tatu, jiandikisheni katika NeST. Huu ni mtambo wa kompyuta ulioanza kutumika mwaka 2023. Humo serikali hutangaza zabuni, na humo ndimo waombaji hupeleka bei zao. Kama hamjui kompyuta, mtafuteni kijana mnayemwamini awasaidie. Lakini neno la siri la kufungulia lishikwe na kikundi. Neno hilo ni kama ufunguo wa nyumba. Je, unaweza kumwachia mpita njia ufunguo wa nyumba yako?

Hesabu iliyomponza fundi

Tuseme inatakiwa madawati 50. Gharama ya dawati moja ni hii:

Mbao: sh. 35,000/-
Misumari, gundi na vanishi: sh. 5,000/-
Ujira wa fundi: sh. 15,000/-
Usafiri: sh. 5,000/-
Jumla: sh. 60,000/-

Madawati 50 yatagharimu sh. 3,000,000/-. Kikundi kinaogopa kushindwa, kwa hiyo kinaandika bei ya sh. 62,000/- kwa dawati. Watalipwa sh. 3,100,000/-. Wanasema, "Faida ni laki moja."

Sasa tuhesabu tena. Serikali inapolipa bidhaa, hukata kwanza kodi ya zuio, asilimia 2. Hapa ni sh. 62,000/-. Kodi hiyo ina hati yake, na baadaye huhesabiwa katika kodi yenu ya mwaka. Lakini siku ya malipo haimo mkononi. Zimebaki sh. 38,000/-. Mwenyekiti amesafiri mara mbili kufuatilia malipo, kila safari sh. 20,000/-. Hizo ni sh. 40,000/-. Faida imekwisha, na sh. 2,000/- zimetoka mfukoni.

Bado kuna jambo kubwa zaidi. Serikali hulipa baada ya kupokea mali. Mbao mnanunua leo, hela zinakuja baadaye. Kama mlikopa milioni moja kwa mtu anayetaka riba ya sh. 50,000/- kila mwezi, na malipo yakachelewa miezi miwili, mmepoteza laki moja nyingine. Hilo ndilo deni la yule fundi.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika bei, jiulizeni: Tutaishi vipi mpaka tulipwe? Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mkopo wa halmashauri usio na riba. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa kazi hiyo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Mkopo huo hurudishwa. Si zawadi.

Na kama hesabu inaonyesha hasara, acheni zabuni hiyo. Kuiacha si aibu.

Ukishapata, shika karatasi

Usipeleke mali kwa neno la mdomo. Ngoja hati ya kuagiza mali, ambayo wengi huiita LPO, au mkataba. Soma kila mstari: idadi, vipimo, tarehe ya kupeleka, siku za kulipwa. Ulijifunza kusoma kwa siku kama hiyo.

Nunua mbao zenye kibali na risiti. Mbao za wizi zikikamatwa, kazi imekufa.

Ukipeleka mali, anayepokea aandike idadi, atie sahihi na tarehe. Nakala moja baki nayo. Kisha peleka ankara ya kudai malipo. Kila karatasi iweke katika jalada moja.

Mtu akikudai "chai" ili upate zabuni, usitoe. Toa taarifa TAKUKURU. Rushwa nayo ni gharama, na haina risiti.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Je, kikundi chenu kina akaunti ya benki? Nani anatunza karatasi?
2. Fundi angeandika bei gani kwa dawati ili abaki na faida? Pigeni hesabu pamoja.
3. Kama malipo yakichelewa miezi mitatu, mtafanya nini?

Elimu haina mwisho. Chukua kalamu, anza na swali la pili.