Faili za /dev kwenye Vifaa Vyenye Hifadhi Ndogo

Katika Linux, karibu kila kifaa cha kompyuta, ukiacha kadi za mtandao, huonekana kama faili ndani ya saraka ya /dev. Programu inayotaka kusoma kinachoingia kwenye tundu la siriali hufungua /dev/ttyS0 kama inavyofungua faili ya maandishi. Lakini faili ya kifaa haina kitu ndani. Hubeba ruhusa, aina (c kwa vifaa vinavyopitisha baiti mfululizo, b kwa vinavyotunza data kwa mafungu) na namba mbili: kubwa, inayoionyesha keneli draiva ya kuita, na ndogo, inayotaja kifaa chenyewe. Ukiipa amri ya ls -l faili ya /dev/null, pale ambapo ukubwa wa faili ungeandikwa panatokea 1, 3. Kwa /dev/ttyS0 panatokea 4, 64.

Kwa kuwa haina data, mtu hudhani haili nafasi. Zamani /dev ilijazwa mapema majina ya vifaa vyote vinavyoweza kuwapo. Red Hat 9 ya mwaka 2003 ilikuwa na zaidi ya 18,000, mengi yakiwa ya vifaa ambavyo mwenye kompyuta asingevitia machoni maishani mwake. Kila faili huhitaji inodi, yaani rekodi ya sifa zake, na kwenye mfumo wa faili wa ext2 wa enzi hizo inodi moja ilikuwa baiti 128. Faili 18,000 zinakula zaidi ya MB 2, bado majina hayajahesabiwa. Matoleo ya mwanzo ya ruta ya Linksys WRT54G yalikuwa na flashi ya MB 4 tu, na humo humo zikae keneli, programu na mipangilio.

Dawa ya kwanza ni kupunguza. Mita au ruta ambayo vifaa vyake havibadiliki hutosheka na faili chache zinazotengenezwa kwa mkono: mknod /dev/ttyS0 c 4 64. Njia hii haijapitwa na wakati, ila hushindwa pale mtu anapochomeka flashi ya USB ambayo haikutarajiwa. Na kama mfumo wa faili ni squashfs, usioandikika, hakuna la kuongeza baadaye.

Keneli ilijaribu kujitengenezea majina kwa devfs mwaka 2000, ikazua ubishi mwingi, ikaondolewa mwaka 2006. Mrithi wake, udev, alihamishia kazi hiyo nje ya keneli, lakini ni mzito kwa kifaa kidogo. Hapo ndipo inapoingia mdev, sehemu ya BusyBox, mkusanyo wa amri ulioanzishwa na Bruce Perens katika miaka ya 1990 ili kisakinishi cha Debian kienee kwenye flopi moja. Amri ya mdev -s hupitia /sys, saraka ambamo keneli huonyesha vifaa inavyovijua, wakati wa kuwaka na kuunda faili za vifaa vilivyopo kweli.

Keneli 2.6.32 ya Desemba 2009 ilileta devtmpfs. Keneli huunda faili hizo ndani ya RAM, flashi haiguswi, na umeme ukikatika zinapotea zote bila hasara. Siku hizi mara nyingi devtmpfs huunda, mdev hupanga mmiliki na ruhusa. Mstari mmoja ndani ya /etc/mdev.conf, ttyUSB[0-9]* 0:20 660, unatosha kulipa kundi namba 20 haki ya kutumia modemu za USB.

Mitego miwili inabaki. Mfumo ukianzia kwenye initramfs, yaani mfumo wa faili wa mwanzo unaopakiwa kwenye RAM, devtmpfs haijipachiki yenyewe, hivyo /dev/console lazima iwemo tangu mwanzo, la sivyo programu ya kwanza huwaka bila mahali pa kuandika ujumbe wake. Mtego wa pili ni wa kimyakimya zaidi. /dev/null ikikosekana na saraka ikawa inaandikika, programu ya kwanza yenye mamlaka ya root inayotupa matokeo yake huko huunda faili ya kawaida yenye jina hilo. Takataka zote huanza kuhifadhiwa, na nafasi huisha huku kila amri ikionekana kufanya kazi vizuri. Herufi ya kwanza kwenye ls -l hufichua kosa: inapaswa kuwa c, si kistari.