Hesabu ya Nyasi Ifanywe Mwisho wa Masika

Mfugaji wa kondoo wa Kajiado, kusini mwa Kenya, anayeanza kutafuta marobota ya nyasi mwezi wa Septemba amechelewa. Malisho yamekwisha, kondoo wamekonda, na jirani zake wanatafuta nyasi zilezile. Bei ya robota hupanda huku bei ya kondoo ikiporomoka, naye hupata hasara akiuza na akinunua. Kiangazi huamuliwa mwishoni mwa Mei, masika yanapokatika na mifugo ingali imenona. Kwanza ihesabiwe nyasi, kisha idadi ya kondoo iifuate.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kondoo jike wa kilo 35 huhitaji takribani kilo moja ya chakula kikavu kwa siku. Majike 20 kwa siku 90 watakula kilo 1,800, yaani marobota 120 ya kilo 15. Malisho yakitoa nusu, yatahitajika marobota 60. Asiyeyamudu auze mapema madume ya ziada na majike wazee. Anunue nyasi zenye rangi ya kijani na majani mengi, kwani nyasi ya aina ya boma Rhodes iliyoachwa hadi mbegu zikakomaa huwa mashina tu. Majike wenye mimba walishwe kwanza, hasa wiki sita za mwisho, mtoto anapokua kwa kasi tumboni. Manyoya huficha ukondefu, kwa hiyo mfugaji apapase uti wa mgongo nyuma ya mbavu. Akihisi ncha kali za mifupa, kondoo huyo ameshapungukiwa.

Marobota hayo huokoa ardhi pia. Kondoo hung'ata nyasi karibu kabisa na udongo, na nyasi inayong'atwa mfululizo hukosa majani ya kujilisha, mizizi ikadhoofika na mvua ikirudi ikachelewa kuchipua. Wamaasai wameujua ukweli huu tangu zamani, ndiyo maana hutenga olopololi, malisho ya akiba kwa ndama na wanyama wagonjwa.

Wapo watakaosema kwamba kundi kubwa ndiyo bima, kwani ukame ukiua wengi, hubaki wa kuanzia upya. Hoja hiyo ina uzito, lakini katika ukame wa 2020 hadi 2023 Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2, na mzoga haununui nyasi. Wengine watasema dawa ya ukame ni kuhama. Ni kweli, na penye njia wahame. Ila sehemu kubwa ya Kajiado imegawanywa kwa hatimiliki na kuzungushiwa nyua, na anayezuiwa na ua hana budi kuhifadhi chakula. Tatizo halisi ni fedha za kununua nyasi mapema, na hapo vyama vya wafugaji na serikali ya kaunti vina wajibu: maghala yajazwe baada ya masika, nyasi zikiwa rahisi, kuliko kungoja kuleta malori ya msaada wakati mifugo inakufa.