Vitabu vya Mtu Anayeacha Pombe

Maandishi ya kumsaidia mtu anayeacha pombe ni mengi, lakini hayafai yote kwa wakati mmoja. Aliye katika siku yake ya tatu bila kinywaji hawezi kukaa na kitabu kinene: mikono inatetemeka, usingizi haupo, na aya moja huisoma mara nne bila kuielewa. Huyo anahitaji karatasi moja na mtu wa kumsomea. Kitabu kikubwa kitamfaa baada ya wiki kadhaa. Mara nyingi kitabu hulaumiwa bure kwa sababu tu kilifunguliwa mapema mno.

Karatasi ya kuanzia ni ile inayojulikana kwa jina la AUDIT. Ni dodoso la Shirika la Afya Duniani lililotolewa mwaka 1989, baada ya utafiti uliofanywa katika nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo. Lina maswali kumi tu. Linauliza mtu hunywa mara ngapi na kiasi gani, kama amewahi kushindwa kutimiza jambo lililomhusu kwa sababu ya pombe, kama kuna aliyeumia kutokana na ulevi wake, na kama asubuhi hulazimika kuzimua ndipo aweze kuianza siku. Kila jibu lina alama zake, na jumla haizidi 40. Anayefikisha 8 anakunywa kwa namna ya kumhatarisha; anayefikisha 20 anapaswa kuonwa na mtaalamu, maana huenda mwili wake umeshakuwa mtumwa wa pombe. Dodoso hilo limetafsiriwa kwa Kiswahili, na tafsiri yake ilipimwa kwa majeruhi wa kichwa katika hospitali ya KCMC, Moshi. Uzuri wake ni kwamba halimhukumu mtu wala halimwiti mlevi. Anajumlisha alama zake mwenyewe.

Kuna jambo moja ambalo hakuna kitabu kinachoweza kulifanya: kumvusha mtu salama katika siku za kwanza. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu hatakiwi kuacha ghafla akiwa peke yake chumbani. Saa chache tu baada ya glasi ya mwisho huanza jasho na kutetemeka. Degedege huweza kumpata ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuanzia siku ya pili au ya tatu baadhi huona maruweruwe na kuchanganyikiwa, hali inayoweza kuua. Hospitalini zipo dawa za kuutuliza mwili katika siku hizo, pamoja na vitamini B1 ya kuulinda ubongo. Kijitabu chochote cha kuacha pombe kisichotoa onyo hili hakistahili kugawiwa.

Baada ya siku hizo ngumu ndipo zamu ya kusoma hufika, na jina linalotajwa kwanza karibu kila mahali ni Alcoholics Anonymous, kitabu cha chama chenye jina hilohilo, AA kwa kifupi. Chama kilianzia Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani, mwaka 1935, pale Bill Wilson, aliyekuwa akifanya biashara ya hisa New York, alipokutana na daktari wa upasuaji, Bob Smith. Wote wawili walikuwa wameharibikiwa na pombe, na waligundua kwamba mlevi humsikiliza mlevi mwenzake kuliko anavyomsikiliza daktari au mchungaji. Kitabu kilitoka mwaka 1939 kwa bei ya dola 3.50, fedha nyingi katika miaka ile ya dhiki. Wachapishaji wakakipiga chapa kwenye karatasi nzito ili mnunuzi aone kitu kilichoshiba mkononi. Ndiyo maana wanachama hukiita Kitabu Kikubwa mpaka leo.

Sehemu yake ya kwanza, kurasa 164, inaeleza ugonjwa wenyewe na zile hatua kumi na mbili za kutoka humo: kukiri kushindwa, kujipekua, kuwaomba radhi waliokosewa, kisha kumsaidia mwingine. Zinazobaki ni simulizi za watu walioacha. Matoleo ya 1955, 1976 na 2001 yalibadilisha simulizi, lakini ile sehemu ya kwanza yaliiacha karibu kama ilivyokuwa, na uzee wake unaonekana. Daktari aliyeandika utangulizi, William Silkworth, aliuita ulevi mzio wa mwili. Tiba ya leo haitumii neno hilo, ingawa alivyoieleza kiu inayoamshwa na glasi ya kwanza hakukosea. Sura inayozungumza na wake za walevi ni dhaifu zaidi. Bill aliiandika mwenyewe kwa sauti ya mke, na mkewe Lois, aliyeyaishi mambo hayo kwa miaka mingi, hakupewa kalamu. Jambo hilo lilimuumiza Lois, na ilikuwa haki yake kuumia.

Kitabu hiki hakikukusudiwa kusomwa kimyakimya. Katika mikutano mingi ya AA kinapitishwa mkono kwa mkono: mmoja anasoma aya, anampa wa pembeni yake, kisha watu wanaeleza aya ile imewagusa wapi. Asiyetaka kusema anapitisha tu. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2020, uliokusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, ulionyesha kwamba tiba iliyopangwa ya kuwaingiza watu katika AA iliwasaidia kubaki bila pombe kabisa kuliko tiba nyingine zilizozoeleka. Kilichopimwa ni watu waliounganishwa na wenzao. Kitabu kilichokaa kabatini hakikuwamo.

Kwa anayeanza, hata hivyo, kijitabu cha AA cha mwaka 1975, Living Sober, kina manufaa ya haraka zaidi. Hakihubiri. Kinasema: kula kitu kitamu tamaa ikipanda, badilisha njia ya kurudi nyumbani, usikae na njaa, hasira, upweke au uchovu. Fundi anayelipwa Jumamosi jioni, na ambaye njia yake inapita mbele ya baa tatu, ataona mara moja ushauri wa njia unamhusu. Vipo pia vitabu vya ukurasa mmoja kwa siku; kinachojulikana zaidi, Twenty-Four Hours a Day, kilianza kuchapishwa na kituo cha tiba cha Hazelden mwaka 1954.

Lugha ya Mungu iliyomo katika zile hatua kumi na mbili huwakwaza baadhi ya watu, japo waandishi walimwachia kila mtu amwelewe Mungu kwa namna yake. Waislamu wa Baltimore walianzisha Millati Islami mwaka 1989 na kuziandika upya hatua kwa misingi ya dini yao. Asiyetaka dini kabisa anaweza kutumia mpango wa SMART Recovery, ulioanza 1994. Humo mtu huchora jedwali, akaandika pombe inampa nini na inamgharimu nini, leo na baada ya mwaka.

Familia nayo ina maandishi yake. Lois na wenzake walianzisha Al-Anon mwaka 1951, na vijitabu vyake vinamfundisha mke, mume au mzazi kuacha kulipa madeni ya baa na kumdanganya mwajiri kwa niaba ya mlevi.

Kwa msomaji wa Kiswahili tatizo ni upatikanaji, maana mengi ya haya yapo kwa Kiingereza. Huko Eldoret, Kenya, watafiti walipita njia nyingine: waliwafunza watu wasio wataalamu wa saikolojia kuendesha vikao sita vya kila wiki, kwa Kiswahili, kwa wagonjwa wa kliniki za VVU waliokuwa wakinywa, wanawake kwa vikundi vyao na wanaume kwa vyao. Jaribio la kwanza, lililochapishwa 2011, lilionyesha unywaji ukipungua. Nchini humo, NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hupokea simu bila malipo kwa namba 1192, na anayepiga huelekezwa mahali pa kupata ushauri na tiba.