Ndege yafika kwa saa moja, malaria hufuata baadaye

UKISAFIRI kutoka Kuresoi hadi Kampala kwa ndege, sehemu inayochosha ni ya barabarani. Kutoka Keringet au Olenguruone hadi Nakuru, kisha hadi Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi, utapoteza saa nyingi ndani ya matatu. Lakini kutoka hapo hadi Entebbe ni kilomita 520 hivi tu, na ndege huzimaliza kwa muda wa saa moja hivi.

Wepesi huo wa safari huwaponza wengi. Mzazi huenda kuhudhuria mahafali ya mwanawe katika Chuo Kikuu cha Makerere, akalala siku tatu na kurudi nyumbani akiwa mzima. Wiki mbili baadaye anaumwa na kichwa, viungo vinalegea, anatetemeka. Kwa kuwa Kuresoi ni nchi ya baridi, watu husema ni mafua. Hakuna anayeikumbuka safari.

Vimelea vya malaria haviendi kwa kasi ya ndege. Mbu akishakuuma, vimelea hujificha katika ini na kuzaana kwa karibu wiki moja bila wewe kuhisi lolote. Ndipo huingia katika damu. Kwa kawaida homa haianzi kabla ya siku ya saba, na yaweza kuchelewa kwa wiki kadhaa.

Kwa nini wewe uwe hatarini zaidi? Sehemu nyingi za Kuresoi ziko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Joto likishuka chini ya nyuzi 16 hivi, vimelea hushindwa kukomaa ndani ya mbu. Kwa hivyo malaria ni nadra kwenu na mwili haujajifunza kupambana nayo. Entebbe, iliyo kando ya Ziwa Victoria, ina joto na mbu mwaka mzima. Mwenyeji huko amejenga kinga kiasi tangu utotoni. Hata kama ulilelewa Busia, kinga hiyo hupungua ukiishi miaka mingi mahali pa baridi.

Kabla ya kusafiri

Mwone daktari mapema akuandikie dawa ya kuzuia malaria. Zipo zinazoanzwa siku moja au mbili kabla ya safari, na nyingine wiki mbili au zaidi. Usiziache ukirudi: nyingine huendelea kumezwa kwa wiki nne. Mama mjamzito na watoto wadogo huchaguliwa dawa zao, na ikiwezekana waahirishe safari. Lala ndani ya chandarua kilichotiwa dawa.

Uganda pia hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo huhitaji siku 10 kabla ya cheti kuanza kutumika. Tangu Julai 2016, cheti hicho hudumu maisha yote.

Ukisharudi

Homa yoyote ndani ya miezi mitatu isikawizwe hata siku moja. Usinunue vidonge vya kutuliza maumivu na kungoja. Nenda hospitalini upimwe damu siku hiyo hiyo, kwani malaria ikipanda kwenye ubongo yaweza kuua upesi.

Na usingoje kuulizwa. Daktari aliyezoea wagonjwa wa vifua na mafua huenda asifikirie malaria. Mwambie mara uketipo: "Nilikuwa Uganda."