Tathmini Si Ukaguzi: Maneno ya Kupimia Utafiti wa Nanoteknolojia

Maneno ukaguzi, ufuatiliaji na tathmini huchanganywa mara kwa mara katika taarifa za utafiti, kana kwamba maana yake ni moja. Kosa hili si la lugha peke yake, maana fedha ya umma huendelea kutolewa au husimamishwa kwa kuyafuata maneno hayo.

Tuchukue nanoteknolojia. Nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya meta, na kiambishi nano chatokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kibete. Nanoteknolojia basi ni ufundi wa kuunda na kutumia vitu vyenye kipimo cha nanometa 1 hadi 100 hivi. Neno limekwisha kuzoeleka, nasi hatuoni haja ya kulibunia jingine.

Nchini Tanzania mfano ujulikanao ni chujio la maji la Dkt. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, ambayo ni taasisi ya umma. Chujio hilo huunganisha mchanga na nanomaada, na mwaka 2015 lilimpatia tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi itolewayo na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Je, tuzo ni tathmini? Hasha, tuzo husifu ubunifu.

Mkaguzi huuliza kama fedha imetumika kama ilivyoidhinishwa. Mfuatiliaji huuliza kama kazi yaenda kwa ratiba. Mtathmini huuliza kilichopatikana kina thamani gani, kwa nani, na fedha ile ile ingalifanya nini kwingineko. Swali hili la mwisho ndilo gumu, na ndilo liachwalo.

Tulipeleke chujio hilo, kwa mawazo tu, Litembo katika milima ya Mbinga. Floridi ni msiba wa maji ya Arusha; mtu wa Litembo huenda shida yake ni vijidudu, na tena ni nani atakayebadilisha nanomaada ikichoka. Wamatengo wa huko si wageni wa kupima ufundi: kwa zaidi ya miaka 100 wamelima ngoro, yale mashimo yazungukwayo na matuta yaliyofukia nyasi, wakiuangalia udongo uliobaki mteremkoni baada ya mvua.

Limebaki neno athari, lipendwalo na waandishi wa miradi. Wataalamu hulitumia kwa mabadiliko ya kudumu, mema au mabaya. Masikioni mwa wananchi wengi, athari ni madhara. Tunapendekeza, kwa hiyo, kwamba makala, hataza na chujio lenyewe viitwe mazao ya utafiti, na lile libadilikalo katika maisha ya watu liitwe badiliko. Anayetangaza kijijini kwamba amekuja kupima athari za chujio asishangae akikuta wenyeji wamekwisha kulimwaga maji yake.